Mbona mchekeshaji anayevunja mbavu stejini anapwaya kwenye muvi ya mapenzi?

Ijumaa iliyopita usiku nlikuwa kwa shangazi yangu Ngamiani, hapa Tanga mjini, tumekaa ukumbini watu kama saba hivi, birika la kahawa lipo katikati na sahani ya kashata, mi nimechomeka flashi kwenye tivii nawaonyesha muvi moja ya Marekani ya mwaka 2007 inaitwa Good Luck Chuck. Nliwapigia debe kweli. Nliwaambia steringi wake, Dane Cook, ni mchekeshaji wa stendapu ambae miaka ile alikuwa anajaza kumbi za watu maelfu kwa maelfu, yeye peke yake na maiki, kwa hiyo wakae mkao wa kucheka. Dakika ya ishirini ikafika hakuna aliyecheka. Binamu zangu wakaanza kushika simu. Dakika ya arobaini shangazi, ambae Kiingereza hana kabisa na alikuwa anafuata picha kwa macho tu, akasema kitu ambacho ndo kimenifanya nikae niandike haya yote: "Mwanangu, huyu bwana mbona hamtazami mwenzie? Anatutazama sie."

Nikamwambia lakini shangazi anamtazama, si huyo hapo kamkazia macho. Akatikisa kichwa. "Macho yapo kwa yule binti. Yeye mwenyewe yupo huku kwetu, anasubiri tumcheke."

Shangazi yangu ni kungwi. Amefunda mabinti wa mji huu toka mi sijazaliwa, na kwenye mji kama Tanga ambao sifa yake ya mahaba inajulikana mpaka bara hiyo si kazi ndogo. Kwa hiyo akisema mwanaume hayupo na mwenzie mi namsikiliza. Nimekaa na ile sentensi wiki nzima, nikairudia muvi peke yangu mara mbili, nikarudia na stendapu zake za zamani, na naona kabisa amegusa penyewe. Nataka nieleze kwanini, maana watu wengi wakiona mchekeshaji amechemka kwenye muvi wanamaliza haraka, hana kipaji huyo, au muvi mbovu tu, na majibu hayo hayaelezi kwanini jambo lilelile linawakuta watu tofauti ambao vipaji vyao havina ubishi. Mwaka huohuo 2007 Chris Rock, ambae kwenye stendapu ni mmoja wa wakubwa kabisa duniani, alitoa muvi ya ndoa na vishawishi inaitwa I Think I Love My Wife, kaiongoza mwenyewe na steringi ni yeye mwenyewe, na ukimtazama mle ndani unaona mtu aliyevalishwa shati la mtu mwingine.

Tuanze na Dane Cook, maana vijana wengi wa sasa hawamjui. Mwaka 2005 alitoa albamu ya stendapu, Retaliation, ikapanda mpaka namba 4 kwenye chati ya Billboard ya albamu zote, yaani amechanganywa humo na wanamuziki, na hakuna albamu ya vichekesho iliyokuwa imefika juu hivyo toka Steve Martin mwaka 1978. Mashabiki aliwapata kwa njia ambayo wakati ule ilikuwa ngeni, kupitia MySpace, kabla wasanii wengi hawajajua mtandao ni wa nini. Mwaka 2006 HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, wakamrekodi Boston, upande wa kwao, kwenye uwanja wa ndani ambao jukwaa liliwekwa katikati kabisa na watu wamemzunguka pande zote. Itafute uitazame ile. Jamaa hatulii. Anazunguka, anachuchumaa, anaanguka chini, sauti inapanda mpaka inapasuka, anasimulia kitu kidogo tu, labda ugomvi wa watu wawili au kazi aliyowahi kufanya, na kicheko kinatoka kwenye namna mwili wake unavyoingia ndani ya stori mpaka unaona kama mifupa yake haina kazi. Huyu si mtu wa kutupa maneno mawili ya busara ukacheka ukaenda nyumbani. Anacheza na nguvu, na amekuza kila kitu ili hata aliyekaa siti ya juu kabisa amwone.

Mtu huyo ndani ya muvi amefanywa daktari wa meno. Utotoni alimkataa msichana kwenye mchezo wa watoto, msichana akamlaani: kila mwanamke atakayelala nae, wakiachana tu, mwanaume anayefuata ndo anamuoa. Habari zinaenea mjini, wanawake wanapanga foleni kwake ili wapate nyota ya ndoa. Halafu anampenda Cam, aliyechezwa na Jessica Alba, anayefanya kazi na pengwini na ambae kila anapopita anaangusha kitu, na hapo ndo anaogopa kumgusa kwa kuwa akimgusa atampoteza.

Ukiisikia hivyo stori si mbaya hata kidogo. Sie wa huku tena ndo tungeielewa kuliko Wamarekani wenyewe, mtu kafungwa nyota, mtu katupiwa maneno utotoni yanamfuata ukubwani, mambo hayo yanazungumzwa barazani kila siku na yanaumiza watu kweli, ungeweza kuihamishia Pangani kesho asubuhi na ikawa muvi ya kuliza. Mwanaume ambae kila anayemshika anakwenda kuolewa kwingine, huyo ni mtu mpweke sana. Muvi inampita upweke wake inakimbilia vitanda.

Na inakimbia kwa kufuata ramani. Komedi za mapenzi za Hollywood zina ramani yake toka mwaka 1934, ilipotoka It Happened One Night ikazoa Oscar zote 5 kubwa, picha bora, direkta, skripti, muigizaji wa kiume na wa kike, na studio zikaona kumbe biashara ipo. Wawili wanakutana kwa bahati mbaya, hawapatani, jambo fulani linawalazimisha wawe pamoja, mmoja ana siri, siri inafumuka, wanaachana ikiwa imebaki robo ya muvi hivi, halafu mbio za mwisho na hotuba ya kuomba msamaha mbele za watu. Siku hizi mbio mara nyingi zinaishia airport, na Chuck nae anaishia kwenye ndege.

Mi siichukii hiyo ramani, na nadhani mtu aliyekulia Tanga hawezi kuichukia. Taarabu yetu ina ramani. Gitaa linaanza, ubeti, kiitikio, ubeti, unajua kabisa kinachokuja na bado unanyanyuka kwenda kutunza. Shangazi anasimulia enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi viwili vya hapahapa mjini vilivyokuwa vikishindana, kwamba raha yote ilikuwa kusubiri, huyu kaimba hivi, yule atajibu nini. Nyimbo zenyewe zilikuwa nzuri lakini kilichowatoa watu majumbani ni lile jibu. Ndo hapo nlipoanza kuelewa kwamba fomula ni chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wawili wanaojibizana, na komedi ya mapenzi ukiivua nguo zote inabaki hivyo, mtu anasema neno na mwenzie analipokea analirudisha limegeuka kidogo, na katika kurudishiana huko ndo tunaona wanapendana kabla wao hawajajua. Akikosekana wa kujibu chombo kinabaki kitupu, tunaanza kuona mbao zake na misumari, ndo tunasema ah, muvi yenyewe ya kukariri.

Sasa stendapu. Watu wanaiona ni mtu mmoja anaongea peke yake, na hapo ndo wanapokosea. Stendapu nayo ni majibizano, ila mwenzie mchekeshaji ni hadhira. Kicheko ndo jibu lake. Kila baada ya sekunde chache anarusha neno, ukumbi unamrudishia, anasikia pumzi za watu, anajua hawa wamechoka, hawa wapo tayari, panchi hii, lile neno la mwisho la kuchekesha, niicheleweshe kidogo, ile niikate. Na vichekesho vyenyewe vinajengwa na watu. Chris Rock kabla ya ziara kubwa huwa anakwenda kwenye vilabu vidogo na karatasi mkononi, anajaribu mistari, mingi inakufa palepale watu wanamwangalia, anaitupa, anarudi tena, miezi na miezi, mpaka kinachobaki ni kile ambacho watu wenyewe wamekichagua kwa kucheka. Kwa hiyo mchekeshaji aliyekaa kwenye kazi miaka kumi na tano ni mtu mwenye ndoa ya miaka kumi na tano na hadhira. Anaijua kuliko anavyomjua mtu yeyote.

Halafu mchukue umpeleke lokesheni. Kitu cha kwanza anachosikia ni mtu anapiga kelele kimya! Mshika maiki akicheka sauti imeharibika, inabidi warudie. Anasema kichekesho chake, kimya. Direkta anasema nzuri, turudie. Anasema tena, kimya. Kamera inahamishwa upande wa pili, taa zinapangwa saa nzima, anasema tena kilekile kwa mara ya tisa kwa watu ambao wamekisikia mara nane na wanawaza chakula cha mchana. Na baada ya yote hayo, miezi kadhaa mbele, kuna mtu wa editing kwenye chumba chenye giza ndo anaamua kati ya neno na uso ziwekwe sekunde ngapi, yaani ule muda ambao stejini ulikuwa mali yake kabisa, ambao ndo ufundi wake wote, sasa upo mikononi mwa mtu mwingine. Muigizaji wa kawaida haya hayamsumbui sana kwa sababu yeye toka shuleni amefundishwa kupokea kutoka kwa anayeigiza nae. Mchekeshaji ambae hajafundishwa hilo anafanya kile anachokijua, anaongeza nguvu, anawatafuta watu wake wasiokuwepo.

Hicho ndo shangazi alikiona bila Kiingereza. Ukiirudia muvi bila sauti, na mi nimefanya hivyo, utaona Cook akishasema kitu cha kuchekesha uso wake unabaki wazi kidogo, nyusi zipo juu, mdomo haujafungika vizuri, kama mtu dukani amenyoosha mkono anasubiri chenji. Ni kitambo kifupi tu. Stejini kitambo hicho kinajazwa na watu elfu kumi na kitu wanaocheka, ni sehemu ya muziki wake. Kwenye chumba chenye watu wawili na kamera ipo karibu na pua yake, ni tundu, na kwenye lile tundu unamwona yule dada amesimama hana kazi.

Na hapa nataka nimtetee kidogo jamaa, maana lawama nyingi zimemwendea yeye. Hata angetaka kujibizana, ajibizane na nani? Jessica Alba kwenye hii muvi hajapewa maneno, amepewa kujikwaa. Anajigonga, anavunja vitu, anaanguka, na kila anapoanguka tunatakiwa tumpende. Mwanamke mwenye kazi ngumu, mtaalamu wa wanyama, anayeogopa kuumizwa moyo, wamemnyima mstari hata mmoja wa kumzidi akili mwanaume. Vichekesho vyote vya maneno kapewa Cook na rafiki yake. Sasa hayo si mapenzi, ni mtu anapigiwa makofi na mtu anayeokota glasi. Naliona hili kwenye komedi nyingi zilizojengwa juu ya jina la mchekeshaji mmoja, skripti inaogopa kumpa mwenzie silaha kwa kuwa watu wamelipa kumwona huyu, na kwa kumlinda hivyo ndo inamuua.

Kuna jingine la ndani zaidi. Stendapu ni kazi ya kushinda. Mtu akikupigia kelele toka gizani unamnyamazisha, ukumbi ukipoa unaupasha moto, na hata unaposimulia aibu yako, unaisimulia ukiwa umeshaivuka, umeshaijua mwisho wake, sie ndo hatujui. Mchekeshaji yupo mbele yetu hatua moja siku zote na tunampenda kwa hilo. Steringi wa mapenzi anatakiwa awe nyuma hatua moja. Sie tuone kabla yake kwamba amependa, tumwone anavyobabaika, anavyojidanganya, atamani kusema ashindwe. Mtu aliyezoea kushika usukani miaka yote, ukimwambia abaki hajui, ni kama unamwambia avue ngozi. Anaukwepa ule woga kwa kutia kichekesho, panapotakiwa maumivu anatia kichekesho, halafu dakika ya themanini na tano ramani inamtaka asimame atoe hotuba ya moyoni na tumwamini. Tumwaminije? Hatujamwona akinyamaza hata mara moja. Shangazi anasema kwenye kufunda hakuna kitu kigumu kama kumfundisha mtu asubiri mwenzie amalize kusema.

Kwanini wanaendelea kuzitengeneza? Pesa, na hili halihitaji maneno mengi. Jina la mchekeshaji linaleta watu wiki ya kwanza, ramani inamhakikishia mwenye pesa kwamba hakuna maajabu. Good Luck Chuck ilipondwa karibu na kila mwandishi wa muvi Marekani na bado iliingiza karibu dola milioni 60 duniani, hesabu ambayo kwa mwenye pesa haina ubaya. Mwaka uliofuata Cook akawekwa kwenye nyingine ya mtindo huohuo.

Kuna jambo lilinitatiza mpaka nikakaribia kutupa hoja yangu yote. Muvi hii mi nliwahi kuiona zamani, na nliicheka sana, ndo maana nliwapigia debe ndugu zangu. Niliiona kibanda umiza, yale mabanda ya kulipia kuona muvi, karibu na soko la Mgandini, tumebanana kwenye mabenchi, joto, feni moja. Kama nlicheka vile, na wenzangu walicheka mpaka wengine wanapiga ukuta, inakuwaje juzi watu saba ukumbini hawajatabasamu? Nikawaza siku mbili ndo nikakumbuka. Ile ilikuwa imetafsiriwa. Ilikuwa na DJ juu yake.

Waliokulia kwenye vibanda wanajua nasema nini. DJ hatafsiri neno kwa neno, anakaa juu ya muvi anaongea na nyie, anampa steringi jina la mtaani, anawaambia mwangalieni huyo anavyojifanya hajaona, anasimamisha, anarudi, anawasemea wote wawili kwa sauti mbili. Yule dada wa pengwini kwenye Kiingereza hana maneno, kwa DJ alikuwa na mdomo kweli, kila akiangusha kitu alikuwa na jibu, mara anamlaumu daktari, mara anajitetea, mara anamtolea nje kwa Kiswahili cha pwani kilichonyooka. Kumbe tulichokuwa tunakicheka kilikuwa ni stendapu, imewekwa juu ya muvi ya mtu wa stendapu, na mtu ambae anatuona, anajua tunapumuaje. Yule DJ alirudisha vitu viwili ambavyo muvi ilivikosa, hadhira na jibu la mwanamke. Sijui kama watu waliotengeneza muvi ile wangeamini kwamba ilipona kwenye banda la mabati Tanga.

Wapo wachekeshaji waliovuka. Kumail Nanjiani, mzaliwa wa Karachi aliyefanya stendapu Chicago, mwaka 2017 alitoa The Big Sick, skripti kaandika na mkewe Emily V. Gordon, kuhusu namna walivyokutana na Emily akaugua ghafla mpaka madaktari wakamlaza usingizi wa dawa. Skripti ikatajwa kugombea Oscar. Ukiitazama unaona ujanja wake, nusu ya muvi mwanamke amelala hospitali na mchekeshaji amebaki na wazazi wake wasiomtaka, kila kichekesho anachorusha kinagonga ukuta wa watu wawili wenye hofu ya kufiwa. Kimya kile ambacho kingemuua Cook hapa kimefanywa ndo stori yenyewe. Halafu Chris Rock, yule wa shati la kuazima, mwaka 2014 akaandika na kuongoza Top Five, kaigiza mchekeshaji maarufu aliyechoka kuchekesha, anatembea New York siku nzima na mwandishi wa habari aliyechezwa na Rosario Dawson, na kwa kuwa kazi ya yule mwanamke ni kuuliza, mchekeshaji analazimika kujibu. Akamwachia mwenzie maswali yote. Unamwona Rock kwa mara ya kwanza anasikiliza.

Na sie tulikuwa na walimu wetu hapahapa. King Majuto, Mzee Amri Athumani, mtoto wa Tanga aliyezaliwa 1948 na tuliyemzika hapahapa Agosti 2018, hakuwa mtu wa stendapu ya maiki, lakini watu walikuwa wanacheka akitokea tu mlangoni. Mtazame kwenye kazi zake na Sharo Milionea, yule kijana wa Muheza aliyetutoka kwa ajali Novemba 2012, mmoja mzee wa kizamani na mwingine sharobaro wa kujisikia. Sharo anaongea, anajitikisa, anavuta maneno, na wewe ukijikagua utakuta unamwangalia Majuto. Uso wa mzee unapokea kila neno, unaliamini, unashangaa, unaanza kukasirika, unajizuia, yote hayo hajafungua mdomo. Hatukumbuki kama alikuwa anatusubiri tucheke. Alikuwa anamsubiri Sharo amalize. Hiyo haikuwa hata komedi ya mapenzi na ina mapenzi ndani yake kuliko Good Luck Chuck nzima.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu sa hivi stendapu ya kwetu imekua, majukwaa kama Cheka Tu yamewapa vijana kazi na majina, na tayari wanaitwa kwenye tamthilia na muvi za mapenzi kwa sababu ileile ya Hollywood, wana wafuasi. Naomba direkta anayemchukua kijana wa stendapu amkalishe kwanza aandike mwenyewe kitu kinachomuuma, na amtafutie dada ambae anaweza kumzidi kwa maneno, asimpe mrembo wa kuanguka anguka. Na akiweza siku moja aache kamera inamtazama yule kijana wakati mwenzie ndo anaongea, hata dakika nzima, aone kama kuna mtu mle ndani.

Jumatano nlirudi kwa shangazi na flashi nyingine. Nimemwekea kipande kimoja tu, cha When Harry Met Sally ya mwaka 1989, ile scene ya mgahawa wa Katz's wa New York. Mwanaume ni Billy Crystal, nae katokea stendapu. Anajisifu kwamba yeye hajawahi kudanganywa na mwanamke kitandani, na Meg Ryan, palepale mezani, sandwichi zipo mbele yao na watu wamejaa, anaanza kumwigizia sauti za chumbani kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mgahawa mzima unageuka. Mama mmoja mtu mzima meza ya pembeni anamwambia mhudumu amletee na yeye anachokula yule. Huyo mama ni mama mzazi wa direkta Rob Reiner, na wazo la ule mstari, ambao ndo kicheko kikubwa kuliko vyote kwenye muvi nzima, lilitoka kwa Crystal mwenyewe. Mchekeshaji kapata panchi bora ya maisha yake akampa bibi wa meza ya jirani aiseme, yeye akabaki amekaa na sandwichi yake.

Nlimtafsiria shangazi kidogo tu mwanzoni kisha nikanyamaza, maana hakuhitaji. Alicheka akashika khanga mdomoni, akacheka tena. Ilipoisha nikadhani atataka kumwona yule binti mara ya pili.

"Rudisha nyuma kidogo, mwanangu," akasema. "Nataka nimwone tena yule mwanaume."